Mume amekataza sindano ya surua: nimpeleke mtoto kwa siri?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Pasua hapa Moshi, nauza mitumba ya watoto Kiboriloni. Wa kwanza ni wa kiume, ana miaka minne na nusu. Mdogo ni wa kike, anatimiza miezi tisa wiki ijayo, na ndiye amenikosesha usingizi.

Nianze na huyu mkubwa. Alipochomwa sindano ya surua, ile ya miezi tisa, siku zile za kwanza hakuwa na shida yoyote. Baada ya kama wiki hivi, siku ya nane au ya tisa, alichemka mwili usiku. Tukiwa tunamkanda kwa maji, akageuza macho, akakakamaa, mikono na miguu ikaanza kurukaruka. Nilijua ndiyo basi tena. Tulimbeba kwenye bodaboda mpaka hospitali, na tulipofika alikuwa ameshatulia, amelala. Wakampima malaria hawakuona kitu, wakatupa dawa ya homa. Nilipouliza kama ni ile sindano, nesi aliyekuwepo alinijibu mbele ya watu: "Nyie kina mama mkikosa la kusema mnasingizia chanjo." Sikuuliza tena. Na ile sindano ya mwaka na nusu hatukwenda. Mtoto ni mzima, anakimbia, anaimba, ana maneno kama mzee wa baraza.

Baba yao ni dereva wa watalii, kampuni iko Arusha, akiondoka ni siku sita saba. Mwezi uliopita alikuwa na mgeni mmoja akamwambia huko kwao watu wenye uelewa hawachanji tena watoto, sindano ya surua inaleta usonji (autism), na sisi Afrika tunaletewa vilivyobaki. Akamtumia na video tatu. Sasa mume wangu, ambaye mwenyewe ana kovu la chanjo begani, ameniambia: "Huyu binti hachomwi." Mama mkwe ametoka Kibosho kuja kunisaidia mtoto nikiwa sokoni, naye anasema mtoto ambaye kwao kuna degedege hachomwi sindano, akichomwa anaondoka.

Rafiki yangu pale sokoni ananiambia mpeleke Jumanne mume akiwa Serengeti, nani atajua? Sindano ni dakika moja. Nimeshapanga hivyo. Lakini usiku nawaza, nikimchanja na degedege likarudi nitasema nini? Nisipomchanja akapata surua, nitasema nini? Na hiyo surua yenyewe, mbona mimi sijawahi kuiona kwa macho?

Naomba ushauri, na tafadhali usinifokee. Nimefokewa vya kutosha.

Mama wa Wawili, Pasua

*

Marahaba mwanangu.

Sikufokei, na nitaanza na huyo nesi, kwa sababu nilivaa gauni jeupe miaka mingi kwenye kliniki ya watoto hapa Arusha na jibu la aina hiyo hata mimi lilishawahi kunitoka. Una kina mama sitini kwenye mabenchi, vichupa vinahesabiwa, mtoto analia kila kona, halafu mtu anakuuliza swali linalohitaji robo saa. Lakini jibu lake lilikuwa baya mara mbili. Lilikuvunja moyo, na halikuwa kweli. Uliuliza swali la maana na ulistahili kuambiwa hivi: ndiyo, inawezekana kabisa homa ile ililetwa na chanjo.

Zile sindano za paja za wiki ya sita, ya kumi na ya kumi na nne, mtoto akichemka huchemka usiku uleule au kesho yake. Ya surua na rubela ni tofauti. Ndani yake kuna virusi hai vilivyodhoofishwa, na mwili hauwezi kujifunza kuvijua mpaka vizaliane kidogo. Hiyo inachukua kama wiki. Ndiyo maana homa yake huja kati ya siku ya saba na ya kumi na mbili, na watoto wengine hutoka vipele vyepesi. Siku yako ya nane au ya tisa inaingia hapohapo. Sasa mtoto wa umri ule, homa ikipanda kwa kasi, ubongo wake mchanga unaweza kushindwa kuvumilia, ndipo degedege linapokuja. Kati ya watoto 100, wawili hadi watano hupata degedege la homa kabla ya kutimiza miaka mitano, na homa yenyewe inaweza kuwa ya malaria, ya mafindofindo, ya mkojo, ya chochote. Kwa chanjo ya surua ni kama mtoto mmoja kati ya 3,000 au 4,000. Degedege fupi la namna hiyo linatisha kuliko kitu chochote mzazi atakachokiona usiku, lakini haliharibu ubongo. Huyo mwenye maneno kama mzee wa baraza ndivyo alivyotoka salama.

Nikuambie na hili, maana usipolisikia kwangu utalisikia kwingine: degedege la homa lina asili ya ukoo. Binti yako, kwa kuwa kaka yake lilimpata, ana uwezekano mkubwa kidogo kuliko mtoto wa jirani. Si mkubwa wa kuzuia chanjo, ila ni wa kutosha kutaka watu wa nyumba yako wawe macho. Shika neno hilo, nitalirudia.

Upande wa pili wa mizani ni hiyo surua usiyoijua. Mimi naijua. Mwaka 1983 nikiwa mwanafunzi wa unesi niliwekwa wodi ya surua, na wakati huo ilikuwa ni wodi kweli, yenye mlango wake. Mtoto anakuja macho mekundu yameshikana kwa matongotongo, hataki mwanga. Mdomo una vidonda hadi hawezi kunyonya. Kikohozi, kuharisha, ngozi inabambuka. Tulidhani tunapambana na vipele, kumbe kilichokuwa kinawachukua ni kichomi, na wale waliokuwa wamekonda kabla ya kuugua ndio walioondoka kwanza. Wengine walirudi nyumbani wazima lakini hawaoni tena. Hata katika nchi tajiri zenye mashine zote, mtoto mmoja hadi watatu kati ya 1,000 wanaougua surua hufa, na mmoja kati ya 1,000 huvimba ubongo. Kwenye njaa na umaskini vifo vinahesabiwa kwa kila mia. Na usisahau kwamba surua yenyewe ni homa kali ya siku kadhaa, kwa hiyo degedege unalolikimbia liko huko pia, tena likiwa na wenzake.

Kusambaa sasa. Mgonjwa mmoja akitoka chumbani, virusi vinabaki hewani kwa muda wa hadi saa mbili. Watu kumi wasio na kinga wakikaa naye, tisa huipata. Ili isipite kabisa katika mtaa, inatakiwa watoto 95 kati ya 100 wawe wamekingwa. Hujawahi kuiona kwa sababu wenzako wa Pasua, mmoja mmoja, walipanga foleni na kadi zao.

Mweleze baba watoto kwa lugha ya kazi yake. Mwulize ni wageni wake wangapi wameliwa na simba tangu aanze kuendesha. Atakuambia hakuna. Mbona basi hawaruhusu kushuka garini?

Kuhusu mgeni wake. Habari ya usonji ilianzia Uingereza mwaka 1998, pale daktari Andrew Wakefield na wenzake walipochapisha andiko katika jarida la Lancet kuhusu watoto 12. Kumi na wawili tu, mwanangu, wanatosha kujaza benchi moja la kliniki. Ikaja kugundulika kwamba taarifa za watoto wale zilipotoshwa. Mwaka 2010 jarida lilifuta andiko hilo, na mwaka huohuo Wakefield alifutwa kwenye orodha ya madaktari. Wengine hawakuishia kumlaumu, walikwenda kuhesabu. Denmark walifuatilia watoto 657,461, waliochanjwa na wasiochanjwa, matokeo yakatoka mwaka 2019: waliochanjwa hawakuwa na usonji zaidi ya wenzao, hata wale ambao ndugu zao walikuwa nao. Kinachowachanganya wazazi ni kwamba dalili za usonji huanza kuonekana karibu na umri uleule wa sindano hizi, mtoto anapotegemewa kuanza kusema. Vitu viwili vikifika mlangoni pamoja, unadhani kimoja kimemleta mwenzake.

Na hayo ya "kwetu watu hawachanji"? Ningependa sana kumwuliza huyo mgeni kama mama yake hakumchanja yeye. Mwaka 2025 surua iliingia magharibi mwa Texas, Marekani, kwenye jamii ambako wengi walikuwa wameacha chanjo. Wagonjwa walipita 700, na watoto wawili waliofariki hawakuwa wamechanjwa. Sasa fikiria sisi. Ndege zinashuka KIA kila siku kutoka pande zote za dunia, wageni wanapita sokoni Mbuyuni, wanatembelea shule, wanabeba watoto wetu na kupiga nao picha. Tukiacha kuchanja, surua haitahitaji kutafuta njia ya kufika Moshi.

Hatari inayonitisha mimi kuliko degedege ni mkono wa mtu. Huko Samoa, visiwa vya bahari ya Pasifiki, Julai 2018 watoto wachanga wawili walifariki siku moja, dakika chache baada ya sindano ya surua. Chanjo haikuwa na kosa. Inakuja ikiwa unga, inachanganywa na maji yake maalumu, na manesi wale walichanganya na dawa ya kulegeza misuli inayotumika kwenye upasuaji. Walifungwa. Serikali ikasimamisha chanjo kwa miezi, wazazi wakaogopa, na nani angewalaumu? Mwaka uliofuata surua ikaingia nchi ile yenye watu kama 200,000 tu. Waliougua walipita 5,700, wakafa 83, karibu wote watoto wadogo. Mimi kisa hicho nakisimulia chote. Wapo wanaosimulia nusu ya kwanza tu kutisha watu, na wapo wenzangu wa hospitali wanaosimulia ya pili tu.

Kwa hiyo unapokwenda, kuuliza ni haki yako. Kwenye kichupa kuna duara lenye mraba ndani yake. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, joto halijakiharibu. Kikishachanganywa hakitumiki zaidi ya muda wa saa sita. Uliza kwa upole, "Nesi, hiki mmekichanganya saa ngapi?" Nesi anayejua kazi yake hatakasirika, na akikasirika bado atakuwa amekujibu. Kichupa hicho mara nyingi ni cha watoto kumi, ndiyo maana wakati mwingine unaambiwa urudi siku ambayo watoto watakuwa wengi. Hilo linaudhi, najua, hasa ukiwa umefunga meza sokoni. Ulizia siku ya surua mapema.

Mama mkwe usibishane naye. Imani ya kwamba mtoto wa degedege hachomwi sindano haikuzuka hewani. Zamani degedege lilikuwa mara nyingi ni malaria iliyopanda kichwani. Mtoto alitibiwa kwanza nyumbani, alifukizwa, akapakwa, siku zikapita, akafikishwa hospitali hoi, akachomwa sindano, akafa. Watu walichokiona mwisho ni sindano. Ningekuwa wewe, jioni moja mkimenya ndizi ningemwuliza tu, "Mama, enzi zenu surua ilikuwaje kule Kibosho?" Halafu unyamaze. Mwanamke wa umri wake lazima anakumbuka nyumba ambazo surua ilipita, na pengine anajua na majina ya watoto waliozikwa kwenye vihamba, yale mashamba ya ukoo. Hayo akiyasema mwenyewe yatakuwa na uzito ambao mimi na wewe hatuna.

Sasa la siri. Hapana mwanangu, Jumanne usiende kwa siri, na sababu yangu si heshima ya ndoa, ingawa nayo ipo.

Rafiki yako anasema sindano ni dakika moja. Sindano hii ni siku kumi na mbili. Ukimchoma Jumanne, siku ya nane inaangukia wiki inayofuata, mume ameshatoka Serengeti yuko nyumbani, na wewe uko Kiboriloni nyuma ya meza. Mtoto akichemka, aliyemshika ni bibi yake ambaye hajui chochote. Atafanya anachokijua: atamfunika blanketi, atatafuta mafuta ya taa. Mtoto uliyetaka kumlinda utakuwa umemwacha mikononi mwa mtu usiyemwambia la kufanya. Tena hapo Pasua mna mbu; homa ya siku ile inaweza ikawa ni malaria kabisa, watu wanabishana kuhusu chanjo wakati mtoto anatakiwa kupimwa. Na mwaka na nusu kuna ya pili. Utaificha nayo?

Mwambie. Usimwambie usiku ule anaporudi na vumbi la njiani. Mwache ale, alale, kesho yake ndiyo uanze. Anza na degedege la mtoto wenu wa kwanza, kwa sababu nadhani hofu yake iko hapo na video zimekuja tu kuipa maneno. Yeye naye alikuwa kwenye bodaboda usiku ule. Hakuna aliyemweleza kilichotokea. Mwambie nilichokuambia, kwamba inawezekana ni chanjo kweli, na kwamba ilipita. Akitaka kumsikia daktari, nendeni wote wawili hospitali ya Mawenzi au KCMC mkamwone daktari wa watoto, na yeye ndiye aulize. Wanaume wengi hawajawahi kukaa kwenye benchi la kliniki. Chanjo wanaijua kwa kusimuliwa.

Mpe wiki mbili. Usimpe miaka mitatu kama ilivyokuwa kwa sindano ya pili ya huyu mkubwa. Miezi tisa iliwekwa kwa hesabu: kabla ya hapo kinga uliyompa tumboni ingeiua chanjo, na baada ya hapo kinga hiyo imeisha na mtoto yuko wazi. Akishindikana kabisa, mimi nisingeacha mtoto bila kinga. Ningempeleka mchana kweupe na ningempigia simu nikiwa bado kwenye benchi: "Nimemleta, amechomwa, tunatazamia homa kuanzia Jumanne ijayo." Atakasirika. Kukasirika kwake kunavumilika, na atakuwa anajua.

Siku yenyewe mwambie nesi habari ya kaka yake kabla ya sindano. Mafua na kikohozi kidogo si kizuizi, ila akiwa na homa kali msubiri ipone. Mkishachoma kaeni hapo nusu saa; mzio mkali ni kama mmoja kwa dozi milioni, lakini ukitokea hutokea mapema na dawa yake ipo palepale. Kisha kuanzia siku ya saba, mwili ukipanda, mvue nguo nzito, mnyonyeshe mara kwa mara, mpe parasetamo kwa kipimo cha uzito wake walichokuandikia, na apimwe malaria. Degedege likitokea mlaze kwa ubavu, mbali na jiko na ncha za meza. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Mwangalie kwa saa ya simu, kwa sababu dakika mbili za namna hiyo huonekana kama nusu saa. Likifika dakika tano, au likirudi tena, ni hospitali bila kungoja. Likipita kabla ya hapo bado apelekwe aangaliwe siku hiyohiyo.

Haya yote mfundishe mama mkwe kwa mikono, na mwanasesere au hata mto, kabla hujatoka nyumbani.

Na kadi ya mkubwa ibebe. Ana dozi moja, na kati ya watoto 100 wanaochomwa wakiwa na miezi tisa, kama 15 haiwashiki. Hiyo ya pili ipo kwa ajili yao na hakuna wa kukuambia yeye ni yupi. Hajachelewa. Homa na degedege ni nadra zaidi kwenye dozi ya pili, na kwa umri wake ameshaanza kuuacha wakati wa degedege. Ila huyo ana maneno, kwa hiyo usimdanganye kwamba mnakwenda kununua soda.